Kanga wa Kumi na Tatu

Apolonia alihesabu mara tatu, na mara zote tatu akapata kumi na tatu.

Alikuwa amesimama kando ya banda na sahani ya chenga za mchele mkononi, asubuhi ya Januari yenye matope mpaka mlangoni. Banda lile lilikuwa na kanga kumi na wawili. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibali cha binti yake, karatasi iliyokaa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, ili mvua isiifikie. Akamwaga chenga na kutazama. Kumi na wawili walikimbilia chakula wakikanyagana. Mmoja alibaki nyuma kabisa, kifua kimegusa waya. Alikwenda hatua nne kulia, akageuka, hatua nne kushoto, akageuka. Paji lake lilikuwa limechubuka kwa kusukuma wavu. Wenzake walimtazama Apolonia mikononi. Yeye alimtazama miguuni, kama anayepima adui yake ana mbio kiasi gani.

"Lea," Apolonia aliita, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto mchanga.

Lea alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu kama baba yake, na alipokuwa na jambo moyoni alianza kusafisha kitu chochote kilicho karibu. Sasa aliokota jani bandani.

"Huyu ametoka wapi?"

"Amekuja mwenyewe, mama."

"Juu kuna wavu."

"Basi labda alipita mlangoni nilipokuwa nabadilisha maji."

Apolonia aliinama. Kwenye mguu wa kushoto wa yule ndege, juu kidogo ya vidole, ngozi ilikuwa imekatika mstari mwembamba uliozunguka mguu mzima. Uzi wa nailoni hukata namna ile. Hakuuliza tena. Na kwa kuwa hakuuliza tena, alijua tangu asubuhi ile kwamba na yeye yumo.

Alizaliwa Ilula, upande wa Kilolo, na utoto wake wote, ulioishia darasa la saba, ulipita ukingoni mwa barabara kuu, akiwaonyesha wasafiri nyanya kupitia madirisha ya mabasi. Huko ndiko alikojifunza kutazama. Alijua basi lipi litasimama na lipi linapunguza mwendo tu kwa ajili ya tuta, na alijua kwa macho ya mtu kama atanunua au atampotezea tu muda. Akaolewa na Isakwisa, Mnyakyusa mpole, akahamia Igawa, na hapo pia barabara ile ile ilipita mbele ya nyumba yake. Alilea watoto wanne kando ya malori yanayokwenda Tunduma. Mama anayelea kando ya malori hupata tabia ya kuhesabu vichwa kila baada ya dakika chache, na tabia hiyo haikumwacha hata watoto watatu walipokwisha kuondoka. Alibaki Lea, na kanga wa Lea.

Mradi ulianza na Bi Hansa, mjane mwenye duka la vitambaa mjini Iringa, aliyefuga kanga uani kwa kibali tangu mumewe akiwa hai. Lea alimfanyia kazi mwaka mmoja na nusu. Alipoondoka, Bi Hansa alimpa mayai ishirini kwenye boksi la viatu lililojaa pumba, na barua ya kuonyesha ofisini kwamba mayai yale hayakuokotwa porini. Lea akahangaikia kibali miezi minne. Kuku mwekundu wa Apolonia akayaatamia, na baada ya siku ishirini na saba wakatoka vifaranga kumi na saba, wenye mistari mgongoni, wakimfuata yule kuku kila anapokwenda kana kwamba hawajaona tofauti yoyote.

Kosa walilifanya pamoja, mama na binti. Kanga walipokua, watano miongoni mwao walikuwa wakorofi. Walifukuzana mchana kutwa, waliwadonoa wenzao, na waliamsha mtaa kabla ya adhana na kabla ya kengele ya kanisa.

"Mama Lea," jirani yao Tumpe alisema juu ya ua, "hao ndege wako wakifa nitalala wiki nzima, halafu nitakuja kuwalilia vizuri."

Kwa mfugaji wa kuku, majogoo wawili wakigombana anauzwa mmoja. Basi wakawaza hivyo hivyo kwa kanga. Wakauza wale wakorofi watano, na hilo kibali kiliruhusu, wakabaki na kumi na wawili wapole. Lea aliamini kuwa wale wawili wenye pembe kubwa kichwani ni madume, wakasajiliwa hivyo. Mvua za Novemba zilipoanza wakataga. Kuku mwekundu akaatamia mayai kumi na manne siku ishirini na tisa. Hakikutoka kitu. Apolonia alipasua moja nyuma ya choo. Lilikuwa viza, bila hata alama ya damu.

Siku tatu zilizofuata alikaa kwenye kigoda kando ya banda akichambua mchele, huku akisikiliza. Kelele za kanga kwa mpita njia ni kelele tu. Kwa aliyekaa kitako, zina mpangilio. Kuna ile ya kipande kimoja, ke-ke-ke-ke, na kuna ya vipande viwili, kwe-kwii, kwe-kwii, ya pili ikipanda juu kama swali. Alikuwa amewatazama wale wa porini kwenye majaruba ya mpunga miaka mingi. Wakati wa mvua makundi yao huvunjika, wakatembea wawili wawili, na aliona kwamba anayeinamisha kichwa na kula husema vipande viwili, na anayesimama wima kumlinda mwenzake husema kimoja tu. Bandani aliwasubiri mmoja mmoja. Mpaka jioni ya siku ya tatu, wote kumi na wawili, hata wale wenye pembe kubwa, walikuwa wamesema kwe-kwii.

"Madume yote tuliuza," alimwambia Lea. "Humu una majike matupu. Hata wakitaga mpaka Pasaka."

Alilisema hilo kwa kujisifu kidogo, kwa kuwa hata ofisi haikuwa imeligundua. Wiki tatu baadaye akahesabu kumi na tatu.

Tangu hapo hakula akashiba. Saulo, fundi baiskeli wa pale stendi, alikutwa na mguu wa swala kwenye ndoo, akakaa mahabusu miezi minane kabla kesi yake haijaanza kusikilizwa. Aliporudi, mkewe alikuwa ameuza vifaa vyote. Mguu wa swala ulikuwa nyama, umekufa, hauwezi kusema. Huyu wa kwao alikuwa hai na alipiga kelele kila alfajiri, kipande kimoja, ke-ke-ke-ke, ushahidi unaojitangaza.

Na nje kulikuwa na mwingine. Siku nne mfululizo, Apolonia alipokwenda kupalilia kwenye mpaka wa majaruba, alisikia jike la porini likiita juu ya kichuguu. Kwe-kwii. Lilinyamaza, likageuza kichwa, likasubiri. Kwe-kwii. Siku ya tano halikuwepo. Alirudi nyumbani akamkuta Lea anamulika yai kwa tochi ya simu, uso wake umejaa furaha.

"Mama, njoo uone. Mishipa."

Ndani ya yai kulikuwa na kitu chekundu, chembamba kama mizizi ya mche wa nyanya. Apolonia alitazama. Ilikuwa nzuri. Alitaka kusema arudishwe yule ndege, leo hii, sasa hivi, akasema, "Yafunike, yasipate baridi."

Mwisho wa Februari ujumbe uliingia kwenye simu ya Lea. Afisa wanyamapori angekuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, kukagua banda kabla ya kibali kuongezwa muda.

Hawakugombana. Jumatano nzima walifanya kazi bila kutazamana. Jioni Lea, akisugua sufuria iliyokwisha kutakata, alisema, "Nilitega kitanzi kimoja tu, mama. Sikutaka wawili. Nilitaka mmoja."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

Apolonia alimpokea sufuria, akaifudikiza ikauke.

Alhamisi kulipopambazuka, alimkamata yule dume kwa kitenge, akamtia kwenye tenga la nyanya, akafunga juu kwa kamba ya katani. Alipita nyuma ya nyumba za watu. Tumpe alikuwa anafagia.

"Nyanya asubuhi hii, Mama Lea?"

"Naenda kuzichagua."

"Nyanya zako zinakwaruza."

"Zimeiva sana," Apolonia alisema, na hakusimama.

Kwenye mpaka wa majaruba alifungua tenga na kulilaza ubavu. Dume lilibaki ndani kwa muda ambao yeye aliuona mrefu kama ibada. Kisha likatoka, likapiga mbio hatua ishirini, likasimama. Hapo akamwona anavyobadilika. Shingo ilirefuka. Mabawa yalishikamana na mwili. Bandani alikuwa mviringo kama chungu. Huku akawa mwembamba, na akaingia kwenye majani bila kuyatikisa. Dakika moja baadaye sauti yake ilitoka juu ya kichuguu. Apolonia alipumua kwa mara ya kwanza tangu Januari. Ameenda kwao, alijiambia. Njiani kurudi alikuwa karibu kuimba.

Afisa alikuja saa tatu kasoro, kwa pikipiki. Aliitwa Zabron, mtu wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi na viatu vilivyojaa matope.

"Kamwene, mama," alisema.

Apolonia alishtuka kusikia salamu ya nyumbani. "Kamwene. Kumbe wewe wa kwetu?"

"Mama yangu ni wa Kilolo. Nikisikia mtu anavyotamka Kiswahili chake, najua." Alitabasamu, na tabasamu hilo lilimwogopesha kuliko kama angekuja amekunja uso.

Alikagua vizuri. Alipima banda kwa hatua. Alivuta wavu wa juu kuona kama umekaza. Alihesabu kwa kalamu, midomo ikicheza. Kumi na wawili. Aliandika. Lea alisimama nyuma yake akichuma nyuzi kwenye mkono wa sweta lake.

"Na kuku mwekundu anafanya nini huku?"

"Anaatamia," Lea alisema. Walizunguka nyuma ya banda, ambako kulikuwa na mlango mdogo wa mbao wa kuingizia maji, na ndani yake kiota cha kuku. Lea aliufungua. Afisa alimwinua kuku kwa mkono mmoja, kama mtu aliyekulia kwa kuku, akachukua yai moja, akaliweka juu ya tochi yake ndogo, akalifunika kwa kiganja.

Alitazama yai kwa muda. Akalirudisha. Akachukua jingine.

Kanga mmoja bandani alisema kwe-kwii. Mwingine akamjibu. Afisa akainua kichwa, akawasikiliza, na Apolonia akaona macho yake yakihama kutoka kwa ndege mmoja hadi mwingine, polepole, kama macho yake mwenyewe yalivyofanya zile siku tatu. Alikuwa ameficha dume, lakini hakukumbuka mayai.

"Wamesajiliwa madume wawili," afisa alisema. "Mimi nasikia majike tu. Nimekaa na hawa ndege miaka kumi na moja, sidhani nakosea. Haya mayai kayatia mbegu nani?"

Lea alifungua mdomo. Apolonia akamtangulia.

"Jioni huwa tunawafungulia," alisema. "Wanakwenda kula panzi kule majarubani. Huko madume ya porini hayakosekani."

Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka bila kukwama. Banda halikuwahi kufunguliwa hata siku moja.

"Mnawafungulia," afisa alirudia. "Na wanarudi?"

"Wanarudi."

"Wote?"

"Wote kumi na wawili."

Afisa alifunga daftari lake. Uso wake haukuwa mkali. Ulikuwa kama wa mtu aliyeahidiwa kitu na anataka kukiona. "Hilo linawezekana, mama. Linatokea. Wafungulie basi, nione wanavyorudi, niandike, nikaendelee na safari. Nina banda jingine Rujewa."

"Huwa ni jioni," Lea alisema.

"Panzi wanaliwa hata asubuhi, dada."

Hakukuwa na njia ya kurudi. Apolonia alikwenda kwenye mlango mkubwa wa mbele, akaondoa kigingi, akaufungua wote.

Hakuna aliyetoka. Walisogea mpaka kizingitini wakasimama wamejipanga, wakitazama mahali ambapo waya ulikuwepo maisha yao yote, kana kwamba bado uko. Mmoja alinyoosha shingo nje, akairudisha upesi. Afisa aliona. Apolonia aliona kwamba ameona. Akarusha chenga mbele ya mlango, mbali kidogo, na ndipo wa kwanza akavuka, halafu wawili, halafu wote wakamwagika nje kama punje kutoka kwenye gunia lililochanika. Kwa muda walidonoa pale pale. Kisha kutoka majarubani ikaja sauti, ke-ke-ke-ke. Vichwa kumi na viwili vikainuka pamoja. Wakakimbia, mstari mmoja, wakaingia kwenye majani, na uwanja ukabaki na manyoya mawili tu.

Kimya cha banda tupu kilikuwa kibaya. Tumpe alichungulia juu ya ua.

"Leo vipi? Kanisa limefungwa?"

Akaona sare, akatoweka.

Afisa alikaa kwenye kigoda, akapokea kikombe cha chai, akaweka saa yake gotini. Ilipita robo saa. Ilipita nusu. Lea alifagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Kila lori lililopita barabarani Apolonia alilisikia mwilini. Alikuwa amewatazama ndege hawa kila siku tangu wakiwa vifaranga, na hakujua hata kidogo kama watarudi. Alijua hofu yao ya mwewe na ya nyoka, na saa yao ya kupanda kulala. Lakini yote hayo aliyajua ya ndani ya waya. Wasiporudi, uongo wake utakuwa wazi, na Lea atakuwa amepoteza ndege na uhuru kwa asubuhi moja.

"Unawaitaje, mama?" afisa aliuliza.

"Hivi," alisema, na hakuwa na la kufanya ila kujaribu. Alikumbuka walivyokuwa wadogo nyuma ya kuku. Akachukua sahani ya bati, akaigonga kwa kidole, na akatoa ile sauti ya chini ya kooni ambayo kuku mwekundu aliitumia akipata mchwa: kuk, kuk, kuk-kuk. Alijisikia mjinga. Akaendelea. Lea aliacha ufagio, akachuchumaa pembeni yake, naye akaanza, kuk, kuk-kuk, wote wawili, mama na binti, wamepiga magoti uwanjani mbele ya mtu wa serikali.

Majani yakatikisika.

Walikuja mstari mmoja, kama wanavyotembea siku zote, wamelowa umande, shingo mbele. Apolonia alihesabu bila kutoa sauti. Mmoja, wawili. Watano. Afisa alisimama, na kalamu yake nayo ilikuwa inahesabu. Tisa. Kumi. Kumi na mmoja, na wa kumi na mbili akichechemea kwa haraka. Apolonia akaisukuma sahani ndani ya banda, wakaingia wakiigombania. Wote. Apolonia akasogea mlangoni, kigingi mkononi.

Ndipo wa kumi na tatu akatoka kwenye majani.

Alisimama kwenye kona ya nyumba, shingo juu, mwembamba, mkali, kama alivyokuwa kule kichuguuni. Aliona sare. Kimbia, Apolonia alimwambia kwa moyo wake wote. Kanga wa porini akimwona mgeni hatua arobaini hupiga mbio. Angekimbia sasa, ingekuwa kama alivyosema yeye, dume la porini limewafuata majike, na karatasi ingeandikwa.

"Huyo hapo mwenyewe," afisa alisema kwa sauti ya chini, karibu kwa furaha. "Tazama alivyosimama. Huyo ni wa porini haswa."

Dume lilisema ke-ke. Lilitazama mlango mkubwa, watu wamesimama pale. Likageuka. Halikuelekea majanini. Lilizunguka banda upande wa nyuma, bila kusita, likafika kwenye ule mlango mdogo wa maji ambao Lea alikuwa ameuacha wazi, likainamisha kichwa ili pembe yake isigonge mbao ya juu, likaingia. Likapita kando ya kuku mwekundu, ambaye hakushtuka hata kidogo, likaenda kwenye sahani, likala.

Afisa alitazama mlango mdogo. Akatazama kuku. Akaweka kikombe chini.

"Nimeona madume ya porini yakifuata majike mpaka uani kwa watu," alisema. "Yanazunguka waya mpaka jioni yakitafuta pa kuingilia. Hayapati. Huyu amejua kuna mlango nyuma. Na ameinama kabla hajafika kwenye mbao."

Apolonia alikuwa ameliona hilo kabla yake. Wiki sita alikuwa anamtazama anavyotembea kwenye waya, akamhesabu kuwa bado ni wa porini, na wakati huo huo yule ndege alikuwa anajifunza nyumba.

"Ni mimi, afande," Lea alisema. Mikono yake haikuwa inasafisha chochote. "Nilimtega mimi. Mama hakuwepo."

"Nilimwambia mimi kwamba hana dume," Apolonia alisema. "Na asubuhi hii ni mimi niliyembeba. Mwanangu mwache."

"Mama, nyamaza."

"Nyamazeni wote wawili," afisa alisema. Alivua kofia, akajipangusa. Alionekana kuchoka kuliko kukasirika. "Mngeniambia pale nilipomulika yai. Nilikuja kukagua, sikuja kukamata. Sasa mmenikalisha nusu saa nakunywa chai ya uongo."

Alitembea mpaka kwenye pikipiki, akarudi na karatasi mbili nyeupe na ubao wa kuandikia.

"Sikilizeni. Nikiandika mimi, nitaandika nilichokikuta: mnyamapori hai, hana kibali, amefichwa, nimedanganywa. Nikiandika hivyo siwezi kuondoka peke yangu, lazima huyu dada niende naye leo. Mkiandika nyinyi, kwa mkono wenu, kwamba mnamsalimisha ndege, na mkaeleza yote, naipeleka kwa mkuu wangu kama mlivyoandika. Jumatatu mtakuja wote wawili. Kibali kitazuiwa, hilo lisiwasumbue kuuliza. Mengine ataamua yeye. Lakini ikiwa na uongo mmoja, narudi na gari."

Lea alinyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Si wewe. Mama aandike."

"Mimi mwandiko wangu wa darasa la saba," Apolonia alisema.

"Unatosha."

Alikaa kwenye kigoda, ubao magotini. Ilikuwa miaka hajaandika zaidi ya orodha ya dukani. "Nianzie wapi?"

"Anzia pale ulipojua."

Akaandika tarehe ya Januari. Akaandika kwamba alihesabu mara tatu. Aliandika juu ya mguu uliokatwa na uzi, na kwamba hakuuliza, na juu ya jike lililoita siku nne. Hilo hakuna aliyemwuliza, lakini aliliandika. Kalamu ilikwenda vizuri mpaka ikafika pale pa kusema nani alitega. Hapo ikasimama.

Angeweza kuandika "mimi". Neno lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari kwenye kidole. Maisha yake yote alikuwa amesimama kati ya watoto wake na barabara. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuombwa amtaje mmoja wao kwa jina, kwa mkono wake, kwenye karatasi ya serikali.

"Nitauliza kitanzi kilifungwaje," afisa alisema, akitazama pembeni. "Jumatatu. Aliyetega ataonyesha."

Apolonia hakujua kufunga kitanzi. Alishika kalamu, wino ukafanya doa.

Lea aliinama nyuma yake, kidevu kikagusa bega la mama yake kama zamani alipokuwa akijifunza kusoma.

"Andika, mama," alisema. "Jina langu ni herufi tatu tu."

Akaandika. Akaweka sahihi yake chini, na Lea akaweka yake.

Afisa alisoma karatasi yote akiwa amesimama, akarudi mstari mmoja, akausoma tena, akaikunja mara mbili. Yeye mwenyewe aliingia bandani na kumkamata dume, ambalo lilipiga kelele na kuacha manyoya mkononi mwake. Aliomba tenga. Lea alimletea, akamsaidia kufunga kamba ya katani, na fundo likamponyoka mara mbili mpaka afisa akalimalizia mwenyewe.

"Jumatatu saa tatu," alisema. "Msichelewe."

"Hatutachelewa," Apolonia alisema.

Walisimama uani wakatazama pikipiki inaingia barabarani, inasubiri lori lipite, inakata kwenda upande wa Rujewa. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na tenga tu.